Kofia ya mwiba ya Mjerumani: igeuze uitazame ndani kwanza

Mpwa wangu anayesoma Leipzig alinipigia simu Jumamosi moja akiwa amesimama kwenye soko la vitu vya zamani. "Shikamoo mjomba. Kuna kofia ya Hitler hapa, ile yenye mwiba juu. Ninunue?" Nikamwitikia marahaba, kisha nikamwomba asitoe hata senti kwanza. Kofia ile haikuwa ya Hitler. Na picha alizonitumia baadaye zilionyesha kwamba haikuwa hata kama muuzaji alivyodai.

Simlaumu kijana. Tangu Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, afike Songea Novemba 2023 na kuomba msamaha kwa yaliyotendwa wakati wa Vita vya Maji Maji, habari za Mjerumani zimerudi vinywani mwetu, na kila anayetaka kumchora Mjerumani wa zamani humvisha kofia hiyo. Kwa upande mwingine wapo wanaozunguka na hadithi za "mali za Mjerumani" zilizofukiwa, rupia, sanduku, na siku hizi kofia. Watu wanaulizia bei ya kitu wasichokijua. Nimekuwa nikifuatilia kofia hizi kwa miaka mingi, nikisoma na kuzitazama kwenye makumbusho, na naona ni vyema nieleze taratibu, tangu jina lake.

Wajerumani wenyewe huiita Pickelhaube. Hilo ni jina la mtaani. Katika maandishi ya jeshi iliitwa Helm mit Spitze, yaani helmeti yenye ncha. Neno Haube ni kifuniko cha kichwa, na asili ya jina zima ni kofia ya vita ya zama za kati yenye umbo la beseni, Beckenhaube. Watu wakalitamka hivi na vile hadi likafanana na neno Pickel, ambalo ni sururu, na kwa kuwa kofia mpya kweli ilikuwa na ncha kama ya sururu, jina likaganda. Hapa nitaiita kofia ya mwiba.

Sisi kwa Kiswahili tumezoea kuita helmeti yoyote ya askari "kofia ya chuma", na hapo ndipo mkanganyiko wa kwanza unapozaliwa. Sehemu kubwa ya kofia hizi si chuma. Ni ngozi ya ng'ombe. Fikiria ngozi ya ngoma: ikiwa mbichi na imelowa unaikunja utakavyo, ikikauka imeshavutwa kwenye mzinga inakuwa ngumu kama ubao na haisahau umbo lake. Mafundi wa Kijerumani waliilainisha ngozi, wakaivuta juu ya kalibu yenye umbo la kichwa, wakaikausha na kuigandisha, kisha wakaipaka vanishi nyeusi tabaka kwa tabaka hadi ikang'aa kama kiatu cha gwaride. Kilicho cha metali ni mapambo: mwiba, kitako chake, bamba la mbele, utepe wa pembeni na vishikio vya ukanda wa kidevu. Ndiyo maana mtu akikuuzia kofia ya mwiba kwa kusifu uzito wake, anza kuwa na wasiwasi.

Kofia hii ilianzia Prussia, ufalme uliokuwa na nguvu kuliko majimbo yote ya Kijerumani. Mfalme Friedrich Wilhelm IV alitoa amri tarehe 23 Oktoba 1842 kwamba askari wa miguu waivae. Kabla ya hapo walivaa shako, kofia ndefu mfano wa debe, isiyokinga sana upanga wala mvua. Urusi nayo iliingiza kofia ya namna hiyohiyo katika miaka hiyo, na nani alimwiga nani bado wanabishana. Zile za mwanzo zilikuwa ndefu sana, ukiziona leo unashangaa shingo za watu zilistahimili vipi. Zikafupishwa 1857, zikafupishwa tena 1860, zikaendelea kurekebishwa kidogo kidogo. Wakusanyaji huzitaja kwa mwaka wa toleo, kama sisi tunavyotaja gari kwa mwaka wa kutengenezwa. Ile inayoonekana zaidi sokoni ni ya askari wa kawaida, toleo la 1895, na ndugu yake wa wakati wa vita, toleo la 1915.

Sasa ule mwiba. Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote ni kama askari waliutumia kuchoma adui, kama fahali anavyotumia pembe. Hapana. Ukiushika utajua mwenyewe. Ni bati jembamba la shaba ya manjano, wazi ndani, ukiliminya kwa nguvu linabonyea. Kwenye shingo ya mwiba kuna vitundu vya kutoa joto, kwa sababu ngozi iliyopakwa vanishi haipumui na kichwa kilicho ndani yake hutota jasho. Zaidi ya hapo mwiba ulikuwa wa sura: ulimrefusha askari na kulifanya gwaride litishe. Wapo wanaosema ulisaidia pia kuteleza pigo la upanga, na huenda kulikuwa na ukweli kidogo enzi za wapanda farasi. Ila mbele ya risasi na vipande vya mzinga, ngozi ile ilikuwa sawa na kuvaa kiatu kichwani.

Na si kila kofia ya namna hii ina mwiba. Askari wa mizinga walivaa yenye tufe dogo la shaba juu, na wanunuzi wengi huiona wakadhani mwiba umevunjika na mtu kabandika kifundo. Ndivyo ilivyotakiwa kuwa. Wapanda farasi wazito, wale walioitwa Kürassier, walivaa za chuma kweli, zenye mkia mrefu unaofunika shingo kwa nyuma. Bismarck, kansela wa kwanza wa dola ya Ujerumani, katika picha zake nyingi anavaa hiyo. Kikosi cha walinzi wa mfalme, Garde du Corps, siku za gwaride walichomoa mwiba wakaweka tai mzima aliyetandaza mbawa. Wapiga shabaha wa Jäger waliendelea na shako. Polisi na zimamoto nao walikuwa na za kwao, na hizi huuzwa kila siku kwa watu wanaodhani wanapata kofia ya vita.

Kuijua kofia hii kunahitaji ujue kwanza jinsi Ujerumani ilivyokuwa imejengwa. Dola iliyotangazwa mwaka 1871 ilikuwa muungano wa majimbo 25, manne kati yake yakiwa falme kamili: Prussia, Bavaria, Saksonia na Württemberg. Kila mfalme alibaki na kiti chake, na majeshi ya falme hizo yaliendelea kubeba alama za kwao. Kwa Mtanzania hili halihitaji maelezo marefu, maana tunaishi ndani ya muungano na tunajua jinsi upande mmoja unavyoweza kuwa na bendera na wimbo wake huku wote wakiwa nchi moja.

Muungano huo umeandikwa kwenye kofia. Pembeni, pale ukanda wa kidevu unaposhikwa, kuna vijiduara viwili vya rangi vinavyoitwa kokadi. Cha kulia ni cha dola nzima: nyeusi, nyeupe, nyekundu. Hiki kiliongezwa mwaka 1897, kwa kuadhimisha miaka 100 tangu kuzaliwa kwa Kaisari Wilhelm I. Cha kushoto ni cha jimbo: Prussia nyeusi, nyeupe na nyeusi, Bavaria nyeupe, buluu na nyeupe, Saksonia nyeupe, kijani na nyeupe. Kofia inayodaiwa kuwa ya 1880 na bado ina kokadi mbili, basi ama umri wake umetiwa chumvi ama imerekebishwa baadaye ili itumike tena.

Halafu kuna bamba la mbele. Hili nalifananisha na kanga. Kanga ina picha na ina jina, na aliyezoea anaona pindo na jina akajua mvaaji anamwambia nani nini. Bamba la Prussia ni tai mwenye mbawa zilizotandazwa, na utepe umeandikwa Mit Gott für König und Vaterland, yaani pamoja na Mungu kwa ajili ya mfalme na nchi ya baba. La Bavaria lina simba wawili walioshika ngao na maneno In Treue fest, imara katika uaminifu. Württemberg wana Furchtlos und trew, bila woga na kwa uaminifu. La Saksonia ni nyota yenye nembo ya ufalme katikati. Baden wana griffin, mnyama wa hadithi mwenye kichwa cha tai na mwili wa simba, na Hesse wana simba. Ukikuta msalaba mdogo kifuani mwa tai, kofia ni ya askari wa akiba. Bavaria yenyewe ilichelewa: iliingia kwenye kofia ya mwiba mwaka 1886, baada ya kifo cha Mfalme Ludwig II, aliyekuwa ameng'ang'ania kofia yao ya zamani yenye kishungi kinachopita juu ya utosi. Kwa hiyo kofia ya mwiba ya Bavaria ya vita vya 1870 dhidi ya Ufaransa haipo, hata muuzaji aape.

Ya afisa na ya askari wa kawaida

Tofauti hii ndiyo inayobadilisha bei, na ndiyo inayodanganyiwa zaidi. Askari wa kawaida alipewa kofia na serikali. Afisa alijinunulia dukani kwa fedha yake, kama mtu anavyokwenda kwa fundi wake wa suti. Ya afisa ina ngozi laini zaidi, mwiba mrefu mwembamba wenye mduara wa vitone kama shanga shingoni, na kitako cha mwiba kimeshikwa kwa vichwa vyenye umbo la nyota. Ukanda wa kidevu ni magamba ya shaba, na dhahabu ya bamba imepakwa kweli. Ndani kuna hariri na ukanda wa ngozi nyororo. Geuza ukingo wa mbele uangalie chini yake: kwa afisa utakuta kijani, na ukingo wa nyuma nyekundu. Kwa askari wa kawaida ni nyeusi, na ndani kuna ndimi za ngozi ngumu zilizofungwa kwa kamba ili kukaza au kulegeza.

Kati yao kuna kundi linalochanganya hata wazoefu: vijana wa familia zenye uwezo waliotumikia mwaka mmoja badala ya miaka miwili au mitatu na kujigharamia wenyewe. Walikuwa askari wa kawaida kwa cheo lakini walinunua kofia nzuri. Wauzaji hupenda kuzipandisha hizi cheo na kuziita za maafisa.

Kwa nini "ya Hitler" si kweli

Wanazi walishika madaraka mwaka 1933. Kofia ya mwiba ilianza kuondolewa mstari wa mbele mwaka 1916, miaka kumi na saba kabla. Majeraha ya kichwa yalikuwa yamewamaliza askari kwenye mahandaki ya Ufaransa, na mhandisi Friedrich Schwerd wa Hannover akabuni helmeti ya chuma kweli, iliyoshuka hadi masikioni na shingoni. Hiyo, Stahlhelm, iligawiwa mwanzoni kwenye vita vya Verdun, na wajukuu wake ndio waliovaliwa na jeshi la Hitler katika Vita Kuu ya Pili. Basi unapoona filamu yenye Wanazi, kofia iliyo kichwani mwao ni ile iliyoiua kofia ya mwiba.

Jambo hili lina uzito wake nje ya kupenda historia. Sheria za Ujerumani zinakataza kuonyesha hadharani alama za Kinazi. Tai wa Prussia na mwiba wake hawamo katika katazo hilo, kwa sababu ni wa enzi ya Kaisari, na ndiyo maana mpwa wangu aliikuta mezani mchana kweupe.

Na si kila mwiba ni wa Mjerumani. Waingereza waliipa jeshi lao kofia ya buluu yenye mwiba mwaka 1878, na hata helmeti zao nyeupe za nchi za joto zilitiwa mwiba siku za gwaride. Chile walimwiga Mjerumani kiasi kwamba wanafunzi wa chuo chao cha kijeshi bado wanapita barabarani na kofia za mwiba hadi leo. Ukiletewa helmeti nyeupe ya nguo yenye mwiba wa shaba, kutoka kabati la babu wa mtu huku Afrika Mashariki, mawazo yako ya kwanza yaende kwa Mwingereza.

Je, ilivaliwa kwetu?

Hapa lazima niseme wazi, maana hadithi ni nyingi. Jeshi la Kijerumani la koloni, Schutztruppe, halikupigana huku na kofia ya mwiba. Tazama picha za Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi hilo katika Vita Kuu ya Kwanza, na maafisa wake: wamevaa kofia pana ya kijivu yenye upande mmoja wa ukingo uliopinduliwa na kubanwa kwa kokadi, au helmeti ya nchi za joto. Kila koloni lilikuwa na rangi yake ya ukingo, na ya Afrika Mashariki ilikuwa nyeupe. Askari Waafrika, waliokuwa wengi kuliko Wajerumani kwa mbali, walivaa tarbushi, nyingine zimefunikwa kitambaa cha kaki chenye kipande cha kuzuia jua shingoni na tai mdogo wa chuma mbele. Hao ndio waliotumwa dhidi ya watu wetu 1905 hadi 1907, na ndio waliopigana Tanga Novemba 1914.

Kwa hiyo mtu anapokuonyesha kofia ya mwiba na kusema ilianguka kichwani mwa Mjerumani kwenye mapambano ya Tanga, anakuuzia hadithi. Siwezi kukataa kwamba afisa fulani alikuja na kofia yake ya gwaride ndani ya sanduku. Lakini hiyo ni kofia ya sandukuni, haihusiani na risasi za Tanga. Na ile inayodaiwa kufukuliwa ardhini ndiyo nyepesi kuliko zote kuikanusha. Ngozi iliyolala miaka 100 kwenye udongo wetu, pamoja na mvua za masika na mchwa, haitoki inang'aa. Kama itatoka kitu, ni vipande vya shaba vilivyooza kijani. Ngozi nyeusi inayometameta iliyotoka "shimoni" ilitoka dukani.

Kilichomwua mwiba hasa

Watu husema ni vita, na ni kweli, ila namna ilivyokuwa ndiyo inayomsaidia mkusanyaji. Askari walipotoka Agosti 1914, kofia zao zilikuwa zimefunikwa kitambaa cha rangi ya majani makavu chenye namba ya rejimenti kwa mbele, nyekundu mwanzoni, kisha kijani isionekane mbali. Mwiba ulikuwa bado unachomoza. Meli za Uingereza zikafunga bahari, na ngozi nyingi iliyokuwa ikitoka Amerika ya Kusini ikakatika. Jeshi lilikuwa linakua kwa kasi na ngozi haipo. Viwanda vikaanza kutengeneza kofia kwa kila kilichopatikana: sufu iliyogandamizwa, bati, hata karatasi iliyokazwa kwa kemikali. Shaba nayo ilihitajika kwenye maganda ya risasi, hivyo toleo la 1915 likaja na mapambo ya chuma cha kijivu, na mwiba wa kuzungusha na kuchomoa ili uwekwe mfukoni unapoingia handakini.

Kofia hizi za dhiki zilidharauliwa zamani. Mimi nazipenda kuliko zile za maafisa zenye dhahabu. Ya sufu, iliyochakaa, iliyopoteza nusu ya rangi, inakueleza hali ya dola nzima mwaka 1915 kwa namna ambayo hotuba ya Kaisari haikuelezi.

Vita vilipokwisha, kofia za mwiba zilitawanyika kama vitu vya kumbukumbu. Wanajeshi wa Uingereza, Kanada, Australia na Marekani walikuwa wamezituma nyumbani kwa maelfu. Mwaka 1919 serikali ya Marekani ilizitumia kama tuzo na mapambo ya kuwavutia watu wanunue hati za mkopo wa vita, na New York ikajengewa mapiramidi ya helmeti za Wajerumani barabarani. Ndiyo maana leo zinapatikana kwenye madari ya nyumba za nchi ambazo hazikuwahi kuzivaa.

Mwaka huohuo 1919 Mkataba wa Versailles, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani irudishe fuvu la Chifu Mkwawa ndani ya miezi sita. Lilirudi Kalenga mwaka 1954. Kofia za walioshindwa zilivuka bahari kwa majuma; kichwa cha mtu wetu kilichukua miaka 35 zaidi. Huwa nakumbuka hilo kila ninaposikia mtu akizungumzia ukusanyaji kama starehe tupu ya kabati la kioo. Enzi ile ilikusanya mengi, na si yote yalikuwa ya kukusanywa.

Namna ya kuisoma

Nirudi kwa mnunuzi. Kuna kofia za kweli, kuna za bandia, na kuna za kuunga, na hizi za tatu ndizo hatari.

Bandia tupu hutambulika mapema. Nyingi zimetengenezwa India kwa ajili ya maigizo na mapambo ya nyumbani, na kwa kazi hiyo hazina ubaya. Ngozi yake ni nene ya kahawia iliyopakwa rangi nyeusi, mishono imeachana, shaba inang'aa sawasawa kila pahala, na bamba limepigwa bila makali, tai akakosa manyoya yanayohesabika. Harufu yenyewe ni ya gundi mpya.

Kofia ya kuunga ni kama gari ulilouziwa Toyota lina injini ya gari jingine, milango ya gari la tatu, na namba ya chesisi imekwanguliwa. Kila kipande ni cha kweli. Kilicho cha uongo ni kwamba vilizaliwa pamoja. Mtu ana ngozi ya kofia ya kawaida isiyo na bamba, ana bamba la kikosi adimu alilolipata kwingine, anaviunganisha, na bei inapanda mara tatu au nne.

Hapo ndipo unapoigeuza kofia. Bamba la askari wa kawaida lilishikwa kwa vipete viwili vinavyopenya ngozi na kubanwa kwa ndani kwa vipande vidogo vya ngozi. La afisa lilishikwa kwa nati ndogo. Mahali pa matundu palitofautiana kwa jimbo. Kofia iliyozaliwa na bamba lake ina matundu mawili tu. Ukikuta manne, bamba limebadilishwa. Ukikuta mawili yamezibwa kwa nta na kupakwa rangi nyeusi, aliyelibadilisha hakutaka ujue. Kofia iliyokaa na bamba moja miaka mingi huwa pia na kivuli chake: vanishi iliyo chini ya bamba haikuchubuka wala kufifia kama ya nje.

Kisha tafuta mihuri, mara nyingi chini ya ukingo wa nyuma au ndani ya bakuli. Herufi B.A. ni ghala la mavazi la kikosi cha jeshi, na namba ya Kirumi inayofuata ndiyo namba ya kikosi hicho. J.R. na namba ni rejimenti ya askari wa miguu. Mwaka nao hupigwa. Mihuri inaweza kughushiwa, lakini mhuri wa zamani uligongwa kabla vanishi haijapasuka, kwa hiyo nyufa hupita juu yake. Mhuri unaokata nyufa umegongwa juzi. Nyingine zina jina la askari kwa wino au kikaratasi kilichobandikwa ndani, na hizo ukizipata zishike kwa mikono miwili.

Kuhusu bei sitasema mengi, inapanda na kushuka. Ya askari wa kawaida wa Prussia, iliyo nzima, huuzwa kwa mamia ya yuro. Za maafisa na za majimbo madogo huingia kwenye maelfu. Ya Garde du Corps yenye tai wake waachie wenye nazo.

Ukishanunua, kazi ni kutoigusa. Najua mkono huwasha kutaka kuing'arisha. Usiisugue shaba kwa dawa, maana dhahabu kidogo iliyobaki itakwenda na kitambaa. Usiipake mafuta ngozi: vanishi ile ni ganda, mafuta yanaingia kwenye nyufa na kuliinua libanduke kama magamba. Usiikalishe juani wala usiitundike kwa mwiba. Ijaze karatasi laini isiyo na rangi ili isijikunje, iweke pakavu penye hewa. Kwa anayeishi Tanga, Mombasa au Unguja, unyevu na chumvi ya bahari vitaikuta mapema kuliko mwizi.

Basi nilimweleza mpwa wangu haya kwa ufupi, naye akiwa amesimama pale na simu sikioni. Kofia ilikuwa na tai wa Prussia, safi, wa shaba. Nikamwambia aombe ruhusa aigeuze. Akapiga picha chini ya ukingo wa nyuma: B.A. XIX, 1911, na chini yake J.R. 107.

Kikosi cha XIX kilikuwa cha Saksonia, makao yake Leipzig. Rejimenti ya 107 nayo ilikuwa na kambi yake Leipzig, mji uleule aliokuwa amesimama. Kofia ya askari wa mfalme wa Saksonia haikuwa na sababu ya kubeba tai wa Prussia. Ilipaswa kuwa na nyota. Nikamwomba picha ya ndani, mbele, mahali bamba linaposhikwa. Matundu yalikuwa manne, mawili yameshindiliwa kitu cheusi.

"Kwa hiyo ni feki, mjomba?"

"Ngozi ni ya kweli, na ni ya hapohapo ulipo. Tai ndiye mgeni. Mwambie akuuzie kwa bei ya ngozi."

Muuzaji alikataa, akasema watalii wote wanataka tai. Kijana akairudisha mezani. Dakika chache baadaye simu ikalia tena, picha moja zaidi: ule mhuri, safari hii kwa karibu, na nyufa za vanishi zikipita katikati ya namba 107.